Ratiba ya Kokoa na Mstari Mnene Mweusi

Jumanne, 3 Agosti 1999

Siku kubwa! Mama Felista, Mwenyekiti wetu wa Umoja wa Wakulima wa Kokoa, ametangaza kikaoni kwamba nafasi ya Katibu itajazwa mara tu kongamano la Jumatano ijayo likiisha. Waombaji ni wawili tu. Mimi, Anyisile, karani mwaminifu wa ofisi. Na Zubery, yule wa duka la vifaa vya ofisi kule Bondeni, mwenye mashine ya fotokopi na tabasamu la kuuzia.

Katibu! Chumba chake mwenyewe. Kiti kinachozunguka. Watu wanabisha hodi kwanza.

Ratiba ya kongamano inatakiwa itengenezwe kwenye kompyuta. Mama Felista akauliza nani anaiweza. Nikasimama kabla hajamaliza swali. Nikawakumbusha wajumbe kwamba nilihudhuria mafunzo ya kompyuta Mbeya. Sikuwakumbusha kwamba muda mwingi umeme haukuwepo, na kwamba nilichotoka nacho ni kuiwasha, kuizima na kucheza karata.

Zubery akasema kwa upole kwamba hata yeye ana kompyuta dukani, na kama nitakwama nimwite. Nikamshukuru sana na kumwambia sitakwama. Akacheka. Huyu bwana anachekacheka kila saa, sijui anaficha nini.

Jioni nilipita nyumbani Bujonde nikamwambia mama yangu nimepata ukatibu. Nimetangulia kidogo tu. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja na mapanga, wakidhani tumevamiwa. Walipoelezwa, wakanipa mkono mmoja mmoja.

Jumatano, 4 Agosti

Nimeivua kompyuta nguo yake. Tangu wafadhili walipoileta, Mama Felista ameifunika kitambaa cha kufuma chenye maua, na juu ya kitambaa kuna chombo cha maua ya plastiki. Nikabonyeza. Ikawaka! Nilipiga makofi peke yangu.

Data zote zimeletwa na Zubery kwenye flopi. Jina la msemaji, mada yake na saa yake, vyote kavichapa ndani ya kolamu moja, vimebanana. Hujuma ya wazi! Mama Felista anasema ni yeye mwenyewe aliyemwandikia Zubery hivyo, kwa haraka. Bado naiona hujuma.

Nimeshinda kutwa nikihamisha. Jina huku, mada kule, saa pembeni. Nilipofika kwenye saa, mashine ikagoma: kila kisanduku kikajaa alama za vijiti vilivyopishana, #####, kama uzio wa ng'ombe. Na tarehe ya kongamano ikageuka kuwa 36383. Wakati huohuo Mama Felista akaingia na kuuliza vile vijiti ni nini. Nikamwambia ni ulinzi. Kompyuta inaficha saa hadi karibu na siku yenyewe, wapinzani wasijue. Akauliza wapinzani gani. Nikamwambia wapo.

Alipotoka nikavuta ukingo wa kolamu kwa mausi, kwa bahati mbaya tu, kolamu ikapanuka na saa zote zikajitokeza. Kumbe ilikuwa imebanwa! Nimegundua mwenyewe bila kufundishwa. Ile tarehe nimeifuta na nitaiandika kwa kalamu.

Alhamisi, 5 Agosti

Leo akili imefanya kazi. Anayepanga ratiba ndiye anayepanga nani asikilizwe. Mada yangu, "Mkulima na Kompyuta", nimeiweka saa nne asubuhi, watu wakiwa bado wamechangamka. Ya Zubery, kuhusu soko huria na wanunuzi binafsi, nimeiweka saa nane mchana, mara tu baada ya chakula. Na chakula ni wali wa Kyela na samaki mbasa! Hakuna mtu wilaya hii anayeweza kula hivyo halafu akasikiliza hotuba. Zubery atahutubia watu wanaokoroma. Wajumbe watamwona, watanichagua mimi. Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai.

Mama Felista ameipitia, akaikubali yote. Kisha akafunga mlango na kunionya jambo moja. Mzee Nsajigwa, Makamu wake, atafungua mada saa tatu asubuhi na historia ya kokoa. Angetile wa Makwale atazungumza saa tisa alasiri juu ya kuvundika kokoa. Saa tatu na saa tisa, nisizisogeze hata kidogo. Maana Angetile ameolewa na mtoto wa Mzee Nsajigwa, na huku kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Mkamwana haingii nyumba aliyomo mkwe. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Jina lake halitamki. Mzee akimaliza kuzungumza ataondoka, na Angetile atakuja baadaye.

Aliniambia mengine yote yanaweza kuharibika na tukasameheana, ila hilo hapana. Nikilichezea hilo, ukatibu nisahau.

Nikamwuliza mimi ni mtoto wa wapi hata nifundishwe mwiko wa kwetu. Nilikasirika kidogo.

Jumamosi, 7 Agosti

Barua kutoka Mbeya. Bwana Pita, Mzungu wa wafadhili, anakuja kwenye kongamano, na anaomba ratiba iwe katika saa za Kizungu. Mwaka jana alipewa ya kwetu iliyosema saa tisa, akafika saa tatu usiku na tochi.

Kazi ndogo. Saa zetu saba ni saa zao moja. Nikaanza kutoka chini kwenda juu, kwa sababu chini ndiko kuna mambo mepesi. Kufunga, saa kumi, nikaandika 4:00. Angetile, saa tisa, 3:00. Zubery, saa nane, 2:00. Chakula cha mchana, saa saba, 1:00. Nilikuwa nahesabu kwa vidole na jasho linatiririka, maana chumba kile hakina hata dirisha la maana.

Hapo umeme ukakatika. Puu! Giza. Lakini nilikuwa nimeshasevu. Kusevu nasevu kila baada ya neno, hilo walitufundisha kabla umeme wa Mbeya haujakatika.

Jumapili, 8 Agosti

Sikukuu ya wakulima. Nimekwenda Bujonde nikidhani nitakula ndizi na kurudi. Lo! Wamechinja mbuzi. Wa pongezi! Kwaya ya mama imetunga wimbo wenye jina langu, ubeti wa kwanza unasema Katibu, wa pili unasema Katibu wetu. Mzee mmoja wa kanisa akaniombea, akamwomba Mungu anilinde na kiburi. Nilisema amina kwa sauti kuliko wote.

Nilikula. Ningefanyaje? Ningekataa wangeuliza. Lakini kila nilichomeza kilishuka polepole. Maana sasa mbuzi ameliwa, na mtu aliyekula mbuzi wa ukatibu hawezi kurudi kijijini akiwa karani. Ukatibu usipopatikana, mimi Bujonde siingii tena mchana.

Mama alinipakulia mara ya tatu na kunitazama kwa furaha ambayo sijaiona tangu baba afariki. Niliona aibu, halafu nikaona njaa tena.

Jumatatu, 9 Agosti

Umeme umerudi. Nimefungua jedwali. Sasa swali: zile saa nilimaliza kuzibadilisha au sikumaliza? Nikazitazama. Zote zinaonekana saa tu. Nikatafakari kwa makini. Nakumbuka jasho. Jasho lile lilikuwa la mtu aliyemaliza. Basi nimemaliza.

Ila zilikuwa hazina mpangilio, chini zinaanza tena moja, mbili, tatu. Haipendezi. Kuna kitufe cha kupanga, nimekiona nilipokuwa natafuta karata. Nikakibonyeza. Mama yangu! Kila mstari ukaruka na kutua mahali pake: moja, mbili, mbili, tatu, tatu, nne, nne, tano, sita. Jedwali likanyooka. Hata shuleni sikuwahi kupanga namba vizuri hivi.

Nikaona sasa Mzee Nsajigwa na Angetile wamekaa mstari juu, mstari chini, wamegusana. Hapo ndipo mtu mzembe angeharibu. Mimi nikakumbuka onyo la Mama Felista. Kompyuta ina uwezo wa kuchora mistari kati ya visanduku, myembamba na minene. Nikachagua mnene kuliko yote, mweusi, nikaupitisha katikati yao kutoka ukingo hadi ukingo. Nimewatenganisha kabisa.

Halafu rangi. Kichwa cha jedwali nimekipaka kijani, jina langu njano. Printa yetu haina rangi, lakini mimi najua zimo.

Jumanne, 10 Agosti

Nakala mia moja na ishirini zinatakiwa, na fotokopi mji mzima ni ya Zubery. Adui ndiye mwenye mashine! Nikaenda Bondeni na ratiba nimeifunika gazeti. Nikamwambia Zubery ageuke ukutani, mimi niilaze mwenyewe juu ya kioo, yeye abonyeze tu.

Aligeuka. Alibonyeza akiwa ametazama ukuta. Kisha akasema, ndugu yangu Anyisile, unaonaje nikiipitia mara moja kabla haijasambaa, jicho la pili halidhuru kitu. Nikamwambia huu ni waraka wa Umoja. Akasema sawa, akanifungia kwa kamba bila kusoma hata neno. Akanipa na karanga za njiani. Karanga zilikuwa nzuri, inaudhi.

Mama Felista yuko Tukuyu kwa msiba, atarudi alfajiri. Nimesambaza mwenyewe kwa baiskeli: Makwale, Bujonde, Bondeni, na nakala moja kwa kina mama wanaopika. Bwana Pita yake imekwenda na basi. Nimelala nikiwa nimechoka na nina furaha.

Jumatano, 11 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Nilifika kwenye ghala la zamani la ushirika, ndipo ukumbi wetu, jua likianza kuchomoza. Nilidhani nitakuwa wa kwanza. Watu walikuwa wamejaa mpaka nje, wamekaa kwenye magunia, wanakula. Wali! Mbasa! Saa moja asubuhi! Nikamwuliza mpishi mkuu, Mama Lusungu, amefanya nini. Akanionyesha ratiba kwa mwiko wenye mchuzi: mstari wa kwanza, 1:00, chakula cha mchana. Akasema wamepika usiku kucha kwa ajili yangu, na kwamba yeye hakuelewa kwa nini mchana uwe asubuhi, lakini akadhani ndivyo kompyuta inavyotaka. Wakulima walikuwa wananishukuru. Ndaga fijo, Katibu! Wanasema kongamano lililoanza na chakula hawajapata kuliona.

Wakati huo nilianza kuhisi kwamba lile jasho halikuwa la mtu aliyemaliza.

Saa mbili: kufungua. Na saa mbili hiyohiyo, Zubery. Nilikuwa nimempanga baada ya chakula, na kweli akaja baada ya chakula, lakini ni asubuhi, upepo wa ziwa unaingia mlangoni, watu wameshiba na wamechangamka. Alisema maneno machache tu. Alieleza jinsi wanunuzi binafsi wanavyopima kokoa, akaigiza mmoja anavyoweka goti chini ya mzani. Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Hata mimi nilicheka, nikajikanyaga mguu ili ninyamaze.

Saa tatu. Mshereheshaji nilikuwa mimi. Nikasoma kama ilivyoandikwa, kwa sauti kubwa ya ofisi: Mzee Nsajigwa, na Angetile, karibuni mbele.

Mungu wangu.

Mzee alikuwa ameshasimama mezani. Angetile akaingia kwa mlango mkubwa, mbiombio, amebeba ungo wa kokoa, anaomba radhi kwa kuchelewa, kumbe kwenye ratiba alitazama mstari wake tu. Akainua macho. Ungo ukaruka juu! Punje za kokoa zikamwagika hadi kwenye sahani za watu. Akajifunika kanga gubigubi akageuka, akaparamia mzani, mzani ukalia kengele. Na Mzee Nsajigwa, mtu mzima mwenye heshima zake, Makamu Mwenyekiti, akajifunika uso kwa kofia na kuzama chini ya meza. Chini ya meza! Fimbo tu ndiyo ilibaki ikichungulia. Kina mama wakaruka na kusimama ukuta kumzunguka Angetile. Wanaume wakapiga kelele. Nani kafanya hivi? Nani kaandika hivi?

Mama Felista, macho mekundu ya safari na msiba, akanijia na ratiba mkononi. Nikamwonyesha mstari mnene mweusi. Nikamweleza kwamba niliwatenganisha, na kwamba ni mnene kuliko yote iliyomo. Akauangalia mstari. Akaniangalia mimi. Akauliza mstari huo unazuia macho ya nani. Nilimwona mama yangu mlango wa nyuma, na kwaya yake yote, wamevaa sare. Walikuwa wamekuja kunisikiliza. Nilitamani ardhi ipasuke.

Aliyeokoa ni Zubery. Nachukia kuandika sentensi hiyo. Alipanda baiskeli bila kuambiwa, akarudi na jora zima la kitambaa cha rangi ya machungwa kutoka duka la baba yake. Akafunga kamba kutoka nguzo ya mzani hadi dirishani, kitambaa kikakata ghala katikati. Mzee upande wa kulia na nusu ya watu, Angetile upande wa kushoto na nusu nyingine. Hawaonani. Wala hawajaingia chumba kimoja, alisema Mama Felista, maana kitambaa ni ukuta na hivi sasa ni vyumba viwili. Wazee wakashauriana kwa Kinyakyusa kwa muda, wakakubali. Mzee akatoka chini ya meza akijifuta magoti.

Ikabaki shida moja. Mkamwana hamwambii baba mkwe neno moja kwa moja, wala baba mkwe kwake. Atafutwe mtu asimame ncha ya kitambaa, abebe maneno. Mama Felista akasema aliyeharibu ndiye atakayebeba. Basi nikasimama pale kwenye ncha, mguu mmoja kulia na mmoja kushoto.

Angetile akaanza, sauti yake inatetemeka kwanza, halafu ikakaa sawa. Akasema kokoa inayoanikwa siku hiyohiyo pembeni ya barabara inanuka vumbi na lori, ndiyo maana wanunuzi wanatupunja. Ivundikwe kwanza kwenye majani ya mgomba, igeuzwe, ipate joto mpaka ibadilike rangi, ndipo ianikwe. Mzee akanong'ona kwangu, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, nimwulize huyo mwanamke kwani baba zake walivundika? Nikapiga hatua mbili, nikauliza. Kila mtu alikuwa ameshasikia, lakini heshima ni heshima. Angetile akanijibu nimwambie yule baba kwamba baba zake hawakuvundika, na ndiyo maana waliuza bei ya mihogo. Ghala zima likasema aaa! Nikapiga hatua mbili kurudi. Mzee akanituma tena. Angetile akanirudisha. Nilikimbia mpaka shati likaloa, safari hii kwa kazi halali.

Mwisho Angetile akanipa punje mbili, moja yake na moja aliyoiokota kwenye gunia la Mzee lililobaki upande wake. Nimwambie azitafune zote. Mzee akatafuna ya kwanza. Akatafuna ya pili. Watoto waliokuwa dirishani wakasukumana wamwone vizuri. Kisha akaanza kucheka, cheko la tumbo, bega linapanda na kushuka, akasema nimwambie mwanangu, ndaga fijo, kokoa yangu kweli ina ladha ya barabara. Akaongeza, tangu aolewe sijawahi kumsikia akisema maneno kumi, na kumbe alikuwa na maneno haya yote ndani!

Vigelegele! Pande zote mbili za kitambaa! Angetile alikuwa analia na kucheka chini ya kanga yake. Mimi nilikuwa pale kwenye ncha, peke yangu niliyewaona wote wawili, na nakiri nilifurahi. Kwa dakika nzima nilisahau kuwa kuna kitu kinaitwa ukatibu.

Saa nne: "Mkulima na Kompyuta". Nikafungua makaratasi yangu. Na saa nne hiyohiyo: kufunga. Mama Felista akasema ratiba ni ratiba, akafunga. Mada yangu haikusomwa. Watu wakafanya majadiliano ya saa tano na saa sita baada ya kongamano kufungwa, wakiwa wamekaa huru, na wanasema yalikuwa mazuri kuliko yote. Kisha ikaja ng'oma, vumbi likatimka.

Bwana Pita alifika saa tisa alasiri, 3:00 yake ya mada za kokoa, kalamu mkononi. Akakuta wazee wanaruka na Mama Lusungu anaongoza. Akauliza hiki ni kipindi gani. Nikamwambia ni vitendo. Akaandika, akavua koti, akaingia kati. Anacheza vibaya lakini kwa moyo.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimejifungia. Nimesema naumwa malaria.

Mama katuma salamu kwamba kwaya imenipenda sana nilivyokuwa nakimbiakimbia, ila wanauliza hivyo ndivyo Katibu anavyofanya kazi? Nimejibu kwamba ni sehemu yake. Kamati inakaa kesho. Zubery kashinda, nani hajui? Jana walimbeba juu juu. Nimejaribu kufikiria maisha ya Matema, ufukweni, kwa jina jingine, nauza usipa, wale dagaa wa ziwani. Lakini usipa unanichefua.

Ijumaa, 13 Agosti

Kamati imekaa. Niliambiwa nisimame nje. Nikasikiliza dirishani, si kwa nia mbaya.

Mama Felista akasoma jina langu. Kicheko, kirefu, lakini si cha chuki. Akasoma la Zubery. Zubery akasimama na kujitoa! Akasema duka linamtosha, aliomba kwa sababu mama yake mzazi alimsumbua, na angependa kuendelea kusaidia fotokopi. Wiki nzima nimepigana na mtu asiyetaka kitu! Nilikaribia kuingia kumlaumu.

Ndipo Mzee Nsajigwa akapiga fimbo chini. Akasema Katibu anayehitajika yupo. Anajua kokoa, ana maneno, haogopi mtu. Jina lake hawezi kulitaja vizuri kwa kuwa ni mke wa mwanawe, lakini wote walimsikia nyuma ya kitambaa. Wakapiga makofi wote. Katibu ni Angetile!

Angetile alikuwa nje, kwenye kibanda cha jiko nyuma ya ofisi. Alipoambiwa alikaa chini kwenye kigoda na kucheka kama aliyeshtuliwa. Nilimpa mkono. Nilitaka kuwa na hasira, ikanishinda, maana alinishukuru kwa kumbebea maneno bila kuongeza wala kupunguza.

Halafu wakaniita ndani. Kumbe lilibaki jambo. Katibu na Makamu watakaa kikao kimoja kila wiki, na hawawezi kuonana wala kusemeshana. Jora la Zubery litafungwa ofisini moja kwa moja, kakubali kulitoa zawadi. Na kwenye ncha ya jora lazima akae mtu wa kudumu. Kamati imenichagua mimi, kwa kauli moja. Nitakaa vikao vyote. Hakuna neno litakalotoka kwa Makamu kwenda kwa Katibu, au kutoka kwa Katibu kwenda kwa Makamu, bila kupitia kwangu.

Cheo hakina jina. Nikawaomba nikipe mwenyewe. Nimekiita Afisa Mkuu wa Mawasiliano. Mama yangu amelia kwa furaha, anasema kina maneno mengi kuliko Katibu. Kwaya inabadilisha wimbo.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimeamka mapema, mwepesi, nimeshiba mawazo.

Kikao cha kwanza ni Jumatatu. Ajenda ya kwanza: nani atunze kompyuta. Mama Felista anataka ihamie kwa Zubery, eti kuna usalama zaidi. Makamu atatoa maoni yake, Katibu atatoa ya kwake, na Mwenyekiti atafuata watakachokubaliana hao wawili.

Nimekaa na chai yangu nikifikiri. Jumatano watu mia walikuwa wanasikia kila kitu. Jumatatu watakuwa wajumbe wanne, na Mzee Nsajigwa sikio la kushoto halisikii vizuri. Nimeshapima ofisi kwa miguu. Kiti chake nitakiweka mbali, sikio zuri liangalie ukutani. Angetile nitamwambia azungumze taratibu, ndiyo heshima.

Mzee atanong'ona lake. Angetile atanong'ona lake. Na mimi, katikati, nitapeleka langu.